Mpingo haujatoweka jamani

Ukikaa na wachonga vinyago hapa Mtwara dakika kumi tu lazima mmoja aseme mpingo umetoweka, na anayesema hivyo gogo liko mapajani mwake analitoa ule ubao mweupe wa nje mpaka afike kwenye moyo mweusi. Sasa hicho kinachochongwa ni nini?

Hatarini kutoweka ni ngazi zinazopangwa na IUCN, lile shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe na mazingira. Wanaangalia miti iliyokomaa imebaki mingapi, imeenea wapi, inapungua kwa kasi gani. Bei haimo humo, wala usumbufu wa kupata gogo.

Mpingo wameuweka "karibu na hatari", maana yake zile ngazi tatu za hatari yenyewe bado haujaziingia. Unaota Senegal huko mpaka Eritrea na kushuka hadi Afrika Kusini, na ukikatwa huwa unachipua tena kwenye mizizi. Kilichoadimika ni magogo manene yaliyonyooka, si unajua mti wenyewe unataka miaka 70 na kuendelea ndo uvunike, halafu wa kutengeneza klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza, naye anaugombania huohuo. Tangu 2017 kuusafirisha nje kunataka kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, nadhani hapo ndo watu walipoanza kuchanganya.

Mti wa kuulilia upo, tena ni wa kwetu kabisa ila hauna hata jina mtaani. Wataalamu wanauita Erythrina schliebenii, ndugu yake mwamba ngoma, maua mekundu, shina lina miiba. Mjerumani Schlieben aliukusanya miaka ya 1930 karibu na ziwa Lutamba, Lindi, baadaye vilima vile vikafyekwa vikapandwa mikorosho, na 1998 ukaandikwa kabisa kwamba umetoweka duniani. 2001 ukaonekana kwenye kipande cha msitu Kilwa, 2008 msitu ukafyekwa kupisha mimea ya mafuta ya mitambo, watu wakakata tamaa mpaka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena 2011. Miti iliyokomaa haikufika 50! Huo ndo "hatarini kabisa", ngazi ya juu katika zile tatu, na cha kushangaza mbao zake laini hazina soko, hakuna aliyeufuata na msumeno, umeponzwa na mashamba tu.

Kwa hiyo mzee wangu wa vinyago, ukisema mpingo mnene umeadimika mimi niko upande wako asilimia mia. Ila ukisema umetoweka, nitakuomba uniuzie hicho kipande ulichoshika.