Jino limevimba? Ling'olewe

Wiki hii nimeambiwa tena: jino likivimba haling'olewi mpaka uvimbe ushuke, la sivyo usaha unapanda kichwani na mtu anakufa. Jamani, kinachoua ni huko kusubiri!

Chanzo cha usaha kimo ndani ya jino. Kiini kikishakufa, damu haifiki tena humo, na amoksilini, dawa ya kuua bakteria, husafiri kwa damu. Itapunguza uvimbe wa shavu, mzizini haifiki. Dozi ikiisha, shavu linafura upya. Tiba ni kung'oa, au kusafisha na kuziba mizizi kama jino bado lafaa, na jipu kupasuliwa usaha utoke. Dawa ni msaidizi, hasa penye homa au uvimbe unaosambaa.

Hofu yenye msingi ni ya ganzi. Penye usaha pana asidi, na kwenye asidi sehemu kubwa ya lidokeini, dawa ya ganzi, hushindwa kupenya utando wa neva. Ukichoma palepale penye uvimbe, mgonjwa anaumia bure na ganzi haikolei. Ndiyo maana kwa gego la chini nachoma nyuma kabisa, upande wa ndani wa taya, pale neva inapoingia mfupani, mbali na usaha. Nasubiri hadi nusu ya mdomo wa chini ife ganzi, ndipo nashika koleo. Mara nyingi inatosha. Lakini wapo ambao mdomo umekufa ganzi kabisa na jino bado linauma, na maelezo ya vitabu kuhusu hilo hayajaniridhisha.

Jambo jingine tunalobishana wenyewe kwa wenyewe: uvimbe mgumu ambao bado haujatunga usaha, upasuliwe mapema au usubiriwe ulainike? Mimi napasua mapema. Wenzangu ninaowaheshimu husubiri.

Tusichobishania ni uvimbe mgumu chini ya kidevu, pande zote mbili, ulimi umenyanyuka, mate hayamezeki, sauti imebadilika. Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza mwaka 1836, na hadi leo unaziba njia ya hewa. Huyo apelekwe hospitali usiku huohuo, asisubiri kliniki ya asubuhi.

Presha, sukari, mimba, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda): mwambie daktari kabla ya sindano, na warfarini usiiache kwa uamuzi wako.

Ukiandikiwa dawa na kuambiwa urudi nyumbani, uliza jino lenyewe litashughulikiwa lini, na usitoke bila tarehe.