Je, wajua? Anayechomwa na kiungulia si lazima awe na asidi nyingi

Mtu akisema kifua kinamchoma baada ya kula, waliomzunguka wameshapata jibu: "Una asidi nyingi wewe," au, "Hivyo ni vidonda vya tumbo." Ataambiwa anywe maziwa, aache maharage na pilipili, na kwenye duka la dawa atapewa vidonge vya kutafuna. Huenda akapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayowafanya wote waamini kwamba walikuwa sahihi. Lakini wengi wanaosumbuliwa na kiungulia hutoa asidi kiasi kilekile anachotoa jirani yao ambaye hajawahi kuungua hata siku moja. Asidi yao haikuzidi. Imepanda mahali isipotakiwa kuwa.

Tumbo la mtu mzima hutengeneza kama lita 2 za maji ya kusagia chakula kila siku. Ni makali kwelikweli, lakini tumbo lina ute mzito unaolikinga. Umio, yaani njia ya kupitishia chakula kutoka kooni, hauna kinga ya namna hiyo. Wapo wachache ambao asidi yao imezidi kweli, kwa mfano wenye uvimbe wa nadra unaotoa homoni ya kulichochea tumbo bila kikomo. Hao hawatoshi kueleza foleni ya wanaonunua vidonge vya kutafuna. Vidonda vya tumbo navyo ni habari nyingine: vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Mtu anaweza kuwa na vidonda bila kiungulia, na kiungulia bila vidonda.

Basi asidi inapandaje? Pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaobana muda mwingi. Mchukulie kama mlinzi wa geti. Ukimeza tonge, anafungua, tonge linapita, anafunga. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mgonjwa wa kiungulia ana mlinzi mchovu, aliyeliacha geti likilegea mchana na usiku. Walinzi wa aina hiyo wapo. Ila mwaka 1980 John Dent na wenzake walichapisha vipimo vya shinikizo la umio walivyochukua usiku kwa watu wenye afya njema, na wakakuta jambo la ajabu: mlinzi mwenye nguvu zake zote anafungua geti bila mtu kumeza chochote, na kuliacha wazi kwa sekunde 10 au zaidi. Asidi ilikuwa ikipenya hapo.

Anafungua kwa sababu ameagizwa. Sehemu ya juu ya tumbo ikitanuka, neva hupeleka habari kwenye ubongo, na amri inarudi: toa hewa. Hivyo ndivyo mbweu inavyopatikana. Mlinzi anatimiza kazi halali kabisa. Tatizo ni kwamba geti likiwa wazi, hewa haitoki peke yake. Kuku wakitoroka kila jioni, hakuna anayesema dawa ni kupunguza kuku. Na hilo ndilo hasa vidonge vya kupunguza asidi, kama omeprazoli, vinavyofanya: geti linaendelea kufunguliwa vilevile, ila kinachopanda kimepunguzwa makali. Ndiyo maana mtu anaweza kuvitumia vizuri, akaacha kuungua, na bado akainama kufunga kamba za viatu chakula kikamrudi kooni.

Kuna kitendawili kingine hapo. Chakula huizimua asidi, kwa hiyo baada ya kushiba tumbo linapaswa kuwa na makali kidogo kuliko lilipokuwa tupu. Mbona watu huungua baada ya kula? Mwaka 2001 watafiti wa Glasgow, akiwamo Kenneth McColl, walionyesha kwamba baada ya mlo asidi mpya haichanganyiki yote na chakula. Sehemu yake hukaa juu ya chakula, karibu kabisa na geti, ikiwa na makali yake yote. Shibe inamlazimisha mlinzi afungue mara nyingi zaidi, na wakati huohuo kuku wamesogea mlangoni.

Mimba huongeza mawili: homoni ya projesteroni humlegeza mlinzi, na mtoto anasukuma kutoka chini. Wengi tumesikia kwamba mama mwenye kiungulia kikali atazaa mtoto mwenye nywele nyingi. Watafiti wa Baltimore waliamua kuupima usemi huo, bila shaka wakitarajia kuuzika, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yakawaumbua: kati ya wanawake 28 waliopata kiungulia cha wastani au kikali, 23 walizaa watoto wenye nywele za wastani au nyingi. Walisema huenda homoni zilezile zinagusa msuli na nywele pia. Utafiti wote ulikuwa na wanawake 64 tu, kwa hiyo usinunue kitana mapema.

Tukishajua kwamba shida ni mahali asidi ilipofika, dalili zinaanza kueleweka, zikiwamo zile ambazo hakuna anayezihusisha na tumbo. Ikiishia kwenye umio, kinachoma nyuma ya mfupa wa kifua, hasa ukilala au ukiinama. Ikifika mdomoni, unaamka na ladha chungu au ya uchachu, au mate yanajaa ghafla bila sababu. Mwenye kucheua kwa miaka anaweza kuambiwa na daktari wa meno kwamba meno yake yamelika upande wa ndani, upande ambao ndimu na soda haziuanzi. Sauti ya kukwaruza asubuhi, kikohozi kikavu kisichosikia dawa, hisia ya kitu kilichokwama kooni: haya pia yanatajwa, lakini hapa ushahidi ni mwembamba. Kikohozi kina sababu nyingi, na kwetu kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe kifua kikuu kwanza kabla ya kulilaumu tumbo.

Kiungulia cha mara moja baada ya pilau ya harusi si ugonjwa. Madaktari huanza kukiita ugonjwa kinaporudi siku 2 au zaidi kwa wiki, au kinapoharibu usingizi na kazi. Tahadhari moja: ukali wa maumivu haupimi ukubwa wa madhara. Zaidi ya nusu ya wenye dalili hukutwa na umio usio na jeraha lolote kwenye kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni. Kinyume chake, wapo ambao utando wa umio umeshabadilika kwa kuunguzwa muda mrefu, hali inayobeba jina la daktari wa upasuaji Norman Barrett, na wengi wao huhisi asidi kidogo kuliko wengine. Barrett mwenyewe, alipoandika kuhusu utando huo mwaka 1950, alidai kwamba hilo si umio bali ni tumbo lililovutwa juu kifuani. Alikubali kubadili maoni mwaka 1957, lakini jina likabaki lake.

Maumivu yanayobana kifua kama uzito, yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya, yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, ni ya kukimbizwa hospitali bila kungoja kidonge kifanye kazi. Moyo na umio hupeleka taarifa za maumivu sehemu zinazokaribiana kwenye uti wa mgongo, na ubongo huzichanganya. Kupata nafuu baada ya dawa ya tumbo hakuthibitishi kwamba moyo ni mzima. Mwenye kisukari anaweza hata asisikie maumivu makubwa.

Dalili nyingine za kutongoja ni kutapika damu au vitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kama lami (vidonge vya madini ya chuma navyo hugeuza choo kuwa cheusi, wajawazito wanalijua hili), kupungua uzito bila kukusudia, na kubwa kuliko zote, chakula kukwama. Hapa Afrika Mashariki hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee. Ukanda wa kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na aina iliyoenea si ile inayotokana na asidi. Inahusishwa na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Mtu ambaye ugali umeanza kumkwama, akawa anakula uji tu huku akimeza vidonge vya kiungulia, anapoteza miezi ambayo hana.

Kuhusu chakula, orodha za vitu vya kuacha ni ndefu kuliko ushahidi wake. Kama nyanya hazikuunguzi, kula nyanya. Maziwa hutuliza kwa muda, kisha protini yake hulichochea tumbo litoe asidi zaidi. Yenye ushahidi mzuri zaidi ni kupunguza uzito uliozidi, kuinua kitanda upande wa kichwa, na kuacha saa 2 au 3 kati ya mlo na usingizi, jambo ambalo anayekula daku na kurudi kulala anajua ugumu wake. Kulalia ubavu wa kushoto pia husaidia: mlango wa umio unabaki juu ya kimiminika, na asidi iliyopanda inashuka upesi zaidi.

Kamera isipoonyesha kitu na dalili zinaendelea, kuna kipimo cha mpira mwembamba unaopitishwa puani na kukaa kwenye umio kwa saa 24, ukiandika kila mara pH, yaani namba ya kupimia asidi ambayo hushuka kadiri makali yanavyozidi, inaposhuka chini ya 4. Asidi ikikaa humo zaidi ya asilimia 6 ya muda, ni ugonjwa. Chini ya asilimia 4 ni kawaida, na asilimia 4 ya siku nzima ni karibu saa moja: mtu mzima asiye na tatizo lolote anaweza kutembea na asidi kwenye umio muda wote huo bila kujua. Wanaoangukia kati ya 4 na 6 huongezewa vipimo vingine.