Ndani ya pembe ya ng'ombe mna mfupa ulio hai

Mfugaji akinipigia simu nije kukata pembe za ng'ombe mkubwa, mara nyingi huongeza: "Daktari, lete msumeno tu, hiyo ni kama kucha." Nimeisikia kauli hii kwa watu wanaowapenda ng'ombe wao kwelikweli, na ndiyo maana nataka kuieleza kwa kirefu. Kucha haina damu wala maumivu. Pembe ya ng'ombe ina vyote viwili.

Kinachoonekana kwa nje ni ganda la keratini, na kweli ni kitu kilekile kilichomo kwenye kucha, nywele na kwato. Lakini chini ya ganda kuna mfupa uliochomoza kutoka paji la fuvu. Kati ya mfupa na ganda imo ngozi laini inayozalisha keratini maisha yote, na hapo ndipo mishipa ya damu na ya fahamu ilipojaa. Swala, nyati, mbuzi na kondoo wana muundo huohuo. Mnyama akifa, ngozi ile huoza na ganda huchomoka lenyewe, likiwa na uwazi ndani. Watu wa kale walipata baragumu zao kwa njia hiyo, hasa kutoka pembe ndefu za tandala.

Sasa, ndama hazaliwi na mfupa huo. Anazaliwa na kichipukizi kilichomo ndani ya ngozi tu. Ukikibonyeza kwa kidole utakisikia kinateleza juu ya fuvu. Kufikia umri wa miezi 2 hivi, kichipukizi hushikana na fuvu na mfupa huanza kuota. Kisha, kati ya miezi 6 na 8, linatokea jambo ambalo wafugaji wengi hawajaelezwa: uwazi wa hewa uliomo ndani ya paji la uso, ambao umeungana na njia ya pua, hupanuka na kuingia mpaka ndani ya mfupa wa pembe.

Kwa hiyo ukimkata ng'ombe mkubwa pembe kwenye shina, umemfungulia tundu linaloingia kichwani. Nimechungulia matundu hayo na kuona mapovu ya damu yakipanda na kushuka kwa kila pumzi ya mnyama. Humo huingia maji ya mvua na vumbi la zizi, nzi hutaga, funza huota. Baada ya siku kadhaa utaona usaha puani, upande wa pembe iliyokatwa, na mnyama anainamisha kichwa upande huo na kuacha kula. Damu nayo hutoka kwa kuruka, kwa sababu mshipa wa pale ni mkubwa.

Na maumivu je? Mshipa wa fahamu unaohudumia pembe hupita kati ya kona ya jicho na shina la pembe, chini ya ukingo wa mfupa unaoweza kuupapasa kwa vidole. Sindano ya ganzi ikichomwa hapo, mnyama hahisi msumeno. Kumfunga kamba na kumkata bila ganzi ni ukatili, na siukubali hata mwenye ng'ombe akinihimiza kwamba jua linazama.

Kuna ng'ombe ambao sioni haja ya kuwagusa kabisa. Ankole wa Uganda, na Inyambo wa Rwanda walio ndugu zao, wana pembe kubwa ajabu, lakini mfupa wa ndani umejaa vyumba vya hewa, kwa hiyo uzito wake ni mdogo kuliko unavyodhania. Damu inayopita chini ya ganda hupunguza joto la mwili.

Twiga amekwenda njia nyingine. Vipembe vyake huanza kama gegedu, vikiwa vimelala bapa kichwani wakati wa kuzaliwa. Baadaye gegedu hugeuka mfupa na kuungana na fuvu, na havivai ganda la keratini bali ngozi yenye manyoya. Dume hupoteza manyoya ya juu kwa kupigana, nalo fuvu lake huongezewa mfupa umri unavyosonga.

Kifaru ndiye ambaye ile kauli ya kucha inamfaa. Pembe yake haina mfupa ndani hata kidogo. Ni keratini tupu iliyokaa juu ya mfupa wa pua wenye mikwaruzo. Wanaomuua kwa ajili ya dawa wanauziana kitu walicho nacho vidoleni. Pembe ya ndovu nayo, licha ya jina, ni jino la mbele la taya la juu.

Turudi zizini. Ukitaka ng'ombe wasio na pembe, mwite mtaalamu ndama akiwa bado na wiki chache. Kichipukizi kinachomwa kwa chuma cha moto baada ya ganzi, kidonda ni kidogo na kichwa hakifunguliwi. Kwa mbuzi wahi zaidi, ndani ya wiki mbili za kwanza, na chuma kisikae muda mrefu: fuvu lao ni jembamba, na joto likizidi hufika kwenye ubongo.