Kofia ya taa haisomi mawazo

Itaje barazani, iwe Mji Mkongwe au Wete, kofia yenye vitaa inayoonesha ubongo ukishughulika, uone maswali yatakavyomiminika. Huyu atauliza kama inasoma siri za mtu, yule kama ndiyo mumiani wenyewe wamerudi kivingine. Kofia hiyo ipo, na watafiti wa kuona wanaitumia sana. Hapa nayajibu moja moja madai yanayosikika juu yake. Mtu hukaa mbele ya skrini akatazama miraba myeusi na myeupe inayobadilishana haraka haraka, huku vitaa vilivyobanwa kisogoni vikipima damu. Ni kisogoni hasa, kwa sababu sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho iko nyuma kabisa ya kichwa.

"Mwanga hauwezi kupita kwenye fuvu"

Unapita. Siku umeme ukikatika, washa tochi ya simu uizibe kwa vidole: vitang'aa vyekundu. Wekundu ndio uliopenya. Rangi nyingine zimemezwa njiani. Kuanzia wekundu huo na kupita kidogo pale jicho linapoishia kuona, yaani mawimbi ya mwanga yenye urefu wa nanomita 650 hadi 950 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), mwanga hupenya ngozi na mfupa hadi kwenye ubongo. Frans Jöbsis aliyaeleza hayo mwaka 1977 katika jarida la Science. Ila haufiki mbali. Kitoa mwanga na kipokezi chake huachanishwa kiasi cha sentimita 3, na mwanga unaorudi umegusa tabaka la juu la ubongo tu. Anayetaka kuona katikati, mashine yake ni MRI, ile ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili.

"Ni eksirei hiyo, na damu wanachukua"

Si eksirei, ni mwanga. Sindano hakuna, na hakuna tone linalotoka.

"Inasoma unachowaza"

Inachosoma ni rangi ya damu. Himoglobini, yaani kile kitu chekundu cha damu kinachobeba oksijeni, ikiwa imeibeba na ikiwa imekwisha kuitua humeza mwanga kwa namna tofauti, kwa hiyo hutumwa mwanga wa aina mbili, mmoja chini ya nanomita 800 na mwingine juu yake, kisha hesabu inafanywa. Kile kidude cha kubana kidoleni hospitali kinafuata kanuni hiyo hiyo. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyekianzisha miaka ya 1970. Mchoro unaotoka kwenye kofia utakwambia kisogo kimeongezewa damu. Ulikuwa unamuwaza nani, hilo halimo.

"Ubongo ukifanya kazi, oksijeni hapo hupungua"

Hata mimi ningedhani hivyo, maana ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Kumbe mambo ni kinyume. Mwaka 1986 Peter Fox na Marcus Raichle walionesha kwamba sehemu iliyoamshwa huletewa damu nyingi kupita oksijeni inayotumia. Kwa hiyo miraba ikianza kumeta, himoglobini yenye oksijeni hupanda kisogoni, na isiyo nayo hushuka. Wala haiji papo hapo: kilele hufika baada ya sekunde 5 au 6. Ndiyo maana mtafiti huonesha picha, akaiondoa, akasubiri, akarudia tena na tena mpaka mtu achoke. Katikati ya hayo mapigo ya moyo na pumzi vinaingilia, na damu ya ngozi ya kichwa nayo inataka kuhesabiwa. Vipokezi vingine huwekwa karibu mno na taa, chini ya sentimita 1, kusudi visome ngozi peke yake, kisha usomaji wao ukatolewa kwenye hesabu.

"Kichwa ni kichwa, vyote vinapimika sawa"

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo panapotuhusu. Bibi harusi mwenye piko kwenye vidole, kidude cha hospitali kinaweza kumkataa, kwa kuwa weusi ule unakula mwanga. Nywele nyeusi zilizojaa zinafanya vivyo hivyo kisogoni, tena misuko huinua kofia isikae. Mpimaji makini hupekua nywele kwa kijiti, tundu moja baada ya jingine, hadi ngozi ionekane. Kwa maoni yangu hili ni kosa la vifaa, si la nywele. Watu wenye nywele kama zetu wameachwa nje ya tafiti nyingi kwa sababu hiyo. Haina maana haiwezekani: huko Keneba, Gambia, watoto wachanga wamepimwa kwa kofia hizi. Na mwanamke wa hapa atavua ushungi akiwa na chumba cha faragha na mpimaji mwanamke, si vinginevyo.

"Jicho la kushoto huenda ubongo wa kulia"

Kinachovuka ni upande wa mandhari, si jicho. Picha ikiwa kushoto mwa pale unapokazia macho, damu huongezeka zaidi kisogo cha kulia, na hata ukiziba jicho moja, lolote lile, upande utakaojibu ni ule ule.