Kimeng'enya hakiyeyushi mtoto wa jicho la mbwa

Imani kwamba kimeng'enya kikidungwa katika jicho la mbwa huyeyusha mtoto wa jicho imedumu kwa miaka mingi, nayo huwapa wafugaji tumaini lisilo na msingi. Kimeng'enya hicho, alfa-kimotripsini, kinachotokana na kongosho la ng'ombe, hakigusi ukungu ulio ndani ya lenzi. Kazi yake ni kukata nyuzi nyembamba zinazoishikilia lenzi pande zote, kama daktari wa macho Joaquín Barraquer wa Barcelona alivyoonyesha kwa binadamu mwaka 1958, ili daktari aitoe lenzi nzima pamoja na kifuko chake.

Kwa mbwa, hata hivyo, kukata nyuzi hizo hakutoshi. Lenzi yake ni kubwa, ikiwa na unene wa takriban milimita 7, na mgongo wake umegandamana kwa nguvu na ute mzito unaojaza sehemu ya nyuma ya jicho; kwa hiyo daktari akiivuta baada ya nyuzi kukatika, ute huo unaweza kuvutwa pamoja nayo, na hapo retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huwa hatarini kubanduka. Isitoshe, kwa binadamu mabaki ya nyuzi yalionekana kuziba njia za maji ya jicho na kupandisha shinikizo.

Ndiyo maana leo madaktari wa macho ya mifugo husaga lenzi kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu dogo, wakakibakiza kifuko, na mara nyingi wakaweka lenzi bandia ndani yake.