Kipepeo wa ajabu si lazima awe aberesheni

Aberesheni ni kipepeo aliyetoka na nakshi au rangi ambayo spishi yake haina: madoa yaliyoungana yakawa michirizi, weusi uliotanda karibu bawa zima, au rangi iliyopauka tangu siku ya kwanza. Ni jambo la kipepeo mmoja, si la aina inayojirudia kila kizazi. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini-magharibi mwa Malindi katika pwani ya Kenya, kipepeo anayepigiwa kelele kuwa ni maajabu mara nyingi ni wa kawaida kabisa.

Chanzo cha aberesheni huwa ni badiliko la jeni, au joto kali ama baridi iliyompata pupa (kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo) siku moja au mbili za mwanzo, nakshi ya mabawa inapopangwa. Rangi huvurugika lakini mishipa ya bawa haihami. Kwa hiyo soma mishipa na umbo la bawa kwanza, rangi baadaye.

Mfano mzuri ni Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa anayeruka polepole bila wasiwasi, kwa kuwa ndege wanajua ni mchungu. Wengine wana ncha nyeusi yenye madoa meupe kwenye bawa la mbele. Wengine, na pwani yetu wanao wengi, hawana ncha hiyo hata kidogo. Huyo wa pili si aberesheni. Ni sura ya kawaida ya spishi hiyo hiyo, iitwayo dorippus. Halafu kuna jike wa spishi nyingine, Hypolimnas misippus, anayewaiga wote wawili. Mtazame bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au zaidi katikati, Hypolimnas ana moja tu karibu na ukingo wa mbele. Dume wake hafanani naye hata chembe: ni mweusi, mwenye mabaka meupe yaliyozungushiwa zambarau.

Msimu nao hubadilisha sura. Vipepeo wa jenasi ya Bicyclus wanaotoka wakati wa mvua huwa na madoa makubwa kama macho chini ya mabawa. Wa kiangazi madoa hayo husinyaa yakabaki nukta.

Kilema ni jambo jingine tena. Kipepeo akitoka kwenye pupa hujishikiza mahali mabawa yaning'inie yajae maji ya mwili, kisha yakauke. Akianguka, au hewa ikiwa kavu mno, mabawa hukauka yakiwa yamejikunja. Ndiyo maana wafugaji wa vipepeo hutundika pupa badala ya kumlaza. Pengo lililokatika sawasawa bawa la kulia na la kushoto ni mdomo wa ndege: alimdonoa akiwa amefumba mabawa.

Ukiona upande mmoja una sura ya dume na wa pili ya jike, hiyo ni ginandromofu, adimu kweli. Kwa kipepeo Papilio dardanus haifichiki: dume wa huku ana rangi ya manjano na mikia, jike hana mikia na mara nyingi ni mweusi na mweupe.

Picha moja haitoshi. Piga ya juu ya mabawa, ya chini, na ya tumbo na papasi (vipembe vya kichwani), kisha andika tarehe, saa na mahali. Asubuhi na mapema, anapoota jua, ndipo anapotulia. Msogelee polepole na kivuli chako kisimwangukie. Usimkamate msituni bila kibali. Zima flashi, maana hupausha manjano na kung'arisha magamba mpaka kipepeo mzima aonekane ana kasoro. Zambarau ya yule dume wa Hypolimnas huonekana mwanga ukimpiga kwa pembe fulani tu, basi piga picha tatu au nne kutoka pembe tofauti kabla hujasema haipo.