Pishi kwa vibaba: krediti za kota zinapohamia semesta

"Kaka, wamekula krediti zangu ishirini na tano."

Hata hodi binti huyu hakupiga. Ilikuwa wiki ya kwanza ya kota ya mwezi wa nne, nje ile mvua ya Seattle isiyolowesha wala kukatika, naye kanyoosha simu kama anayeonyesha ushahidi polisi. Transkripti ya chuo chetu cha jamii, chuo cha miaka miwili, ilisema krediti 75. Chuo kikuu kilichompa nafasi, jimbo jingine, kilimwandikia 49.95.

Nikamwambia, mdogo wangu, keti kwanza. Hizo ishirini na tano hakuna aliyezila. Ila kuna kitu kingine kinataka kuliwa hapa, na hicho hujakiona.

Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wanaohama kutoka vyuo vya miaka miwili kwenda vyuo vikuu. Kusini mwa Seattle, kuanzia Tukwila hadi Kent, Waswahili tumejaa: Wakongo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Wakenya, Warundi, Watanzania wachache. Karibu kila anayehamia chuo cha semesta hupitia ofisini kwangu na kilio hichohicho. Nami sina haki ya kuwacheka, maana nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda kugomba dirishani kwa msajili mbele ya foleni nzima. Mama wa watu akanichorea hesabu nyuma ya bahasha, nikatoka kimyakimya.

Kwanza neno lenyewe. Naandika "kota" kwa kuwa ndivyo tunavyosema huku. Wewe uliyekulia kota za reli, sahau nyumba. Kota ni muhula wa wiki kumi au kumi na moja. Mwaka una kota nne ukihesabu ya kiangazi, na wengi husoma tatu. Mtindo huu unahusishwa na William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago kilichofungua milango mwaka 1892, aliyetaka chuo kifanye kazi mwaka mzima. Semesta ni mbili kwa mwaka, kila moja wiki kumi na tano hivi. Vyuo vingi vya Marekani viko huko, na vya kota vinazidi kupungua: Berkeley iliacha kota mwaka 1983, Ohio State mwaka 2012. Lakini vyuo vya jamii vya hapa jimboni Washington bado ni kota, na Chuo Kikuu cha Washington pia.

Serikali kuu ya Marekani inaitafsiri krediti moja kuwa saa moja ya darasani na saa zisizopungua mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama kumi na tano kwenye semesta, au kumi hadi kumi na mbili kwenye kota. Basi krediti ya semesta imebeba kazi ya wiki kumi na tano na ya kota kazi ya wiki kumi. Ukitoka kota kwenda semesta, gawa kwa 1.5. Ukirudi, zidisha. Shahada ya kwanza ni krediti 180 huku na 120 kule, na miaka miwili ya mwanzo ni 90 huku na 60 kule. Bibi zetu walipima mchele kwa pishi na kibaba, vibaba vinne pishi moja. Ukimimina vibaba vinane vikawa pishi mbili, hulii kwamba sita zimeibiwa.

GPA haigawanywi, kwa sababu ni wastani wa alama. Na mara nyingi haihami kabisa: krediti zinavuka, alama zinabaki, unaanza GPA mpya. Kuna wanaoifurahia habari hiyo na kuna wanaoilia, inategemea kilichomo kwenye transkripti.

Sasa 49.95. Kozi nyingi za kwetu ni krediti tano. Tano gawa kwa 1.5 ni 3.333 isiyo na mwisho. Vipo vyuo vinavyojumlisha kwanza ndipo vigawe, unapata 50 kamili. Vipo vinavyogawa kozi moja moja na kukata kwenye 3.33. Mwanafunzi mwenye kozi 18 za namna hiyo, yaani krediti 90, anaishia 59.94 badala ya 60. Ukikutana na ofisi inayokata kwenye 3.3 unapata 59.4. Inaonekana mzaha mpaka siku ya kuomba kuhitimu, sharti linasema 120 na wewe una 119.94. Ofisi nyingi za usajili hazikusukumii juu. Kwa hiyo swali la kuuliza mapema, kwa maandishi, ni hili: mnagawa kozi moja moja au jumla, na mnakata wapi?

Hayo ni chenji ndogo. Hasara yenyewe iko kwenye mifululizo, yaani kozi zinazofuatana.

Yule binti aliyenijia na simu anakwenda kusoma uhandisi. Alikuwa amemaliza hesabu 151 na 152, kalkulasi ya kwanza na ya pili, krediti tano tano, alama nzuri. Jumla yake kwa semesta ni 6.66. Kichwani mwake: kalkulasi ya kwanza na ya pili nimefaulu, naingia ya tatu. Lakini kwetu kalkulasi ya mwanzo imekatwa vipande vitatu na kwenye semesta imekatwa viwili. Sisi 151 ni derivativu, 152 ni integrali, na 153 ndiyo yenye mifuatano na misururu isiyo na mwisho. Kule semesta ya kwanza inafundisha derivativu pamoja na mwanzo wa integrali, na ya pili inamalizia integrali na misururu. Sasa weka kisu chao juu ya nyama yetu. Ukiondoka na 151 peke yake unaweza kunyimwa hata kalkulasi ya kwanza, kwa sababu integrali hujaigusa. Ukiondoka na 151 na 152 watakupa ya kwanza, na ile ziada ya krediti mbili na ushei wataitupa kwenye kozi za hiari. Ya pili utairudia nzima, ukikaa wiki nyingi unafundishwa integrali unazozijua, ukisubiri hayo mambo ya misururu mwishoni. Na usidhani utaipita hiyo kozi kirahisi. Nimewaona waliobweteka kwa kuwa "hii nimeshasoma" wakaanguka.

Kemia ni hivyohivyo. Namba 161, 162 na 163 kwa pamoja ni semesta mbili za kemia ya jumla. Ukiwa na mbili kati ya tatu umekwama katikati ya mto. Fizikia ya wahandisi pia, kota tatu.

Wauguzi wana balaa lao. Anatomia na fiziolojia hapa ni kota mbili, krediti tano kila moja, ambazo zinageuka 6.66. Programu nyingi za uuguzi za semesta zinataka kozi mbili za krediti nne nne, yaani nane. Mada ulizosoma zinaweza kuwa zilezile kabisa, lakini tarakimu haifiki. Wapo wanaokubali kozi kwa kozi bila kuhesabu krediti, wapo wanaokataa. Hapa hakuna kubahatisha: piga simu idara ya uuguzi yenyewe, usiishie kwa ofisi ya udahili. Udahili wanaipokea krediti iingie chuoni, idara ndiyo inayosema krediti hiyo imetimiza sharti gani. Watu wanachanganya haya mawili kila siku, ndiyo maana unamkuta mtu ana krediti 60 "zilizokubaliwa" na bado ana miaka mitatu mbele yake.

Kwa wanaokuja upande wetu kutoka Texas au kwingineko, hesabu inawapendelea machoni. Kozi ya semesta ya krediti tatu inakuwa 4.5, mtu anaona namba zimenona na kufurahi. Kozi yetu ni tano, lakini kwa kawaida hiyo nusu haimzuii mtu kuhesabiwa kozi. Inapungua tu kwenye jumla. Mifululizo ndiyo inayowauma nao pia: semesta moja ya kemia ni kota moja na nusu, na hakuna anayekuuzia nusu ya kozi.

Halafu kalenda. Kota ya baridi inakwisha karibu mwisho wa mwezi wa tatu. Ukihama wakati huo utakuta semesta imefika katikati, unakaa nyumbani hadi mwezi wa nane. Kama lazima uhame katikati ya mwaka, hama mwezi wa kumi na mbili. Na ukimaliza mwezi wa sita, transkripti ya mwisho ndiyo kwanza inapikwa wakati wenzako wa semesta waliomaliza mwezi wa tano walishapeleka zao, basi iagize siku alama zinapotoka, si wiki ya pili.

Wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, wanisikilize hapa. Kanuni inadai krediti 12 kila muhula, uwe wa kota au wa semesta. Haigawanywi kwa 1.5. Nimeshapokea simu ya kijana aliyepiga hesabu akajiandikisha krediti nane za semesta, akiamini ametimiza. Tulikimbizana na siku za mwisho za kuongeza kozi mpaka jasho likatutoka.

Ndugu wanaotoka nyumbani na transkripti ya Tanzania, krediti zenu ni kitu cha tatu kabisa. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inahesabu krediti moja kuwa saa kumi za kazi, na mwaka ni krediti 120. Ukifika huku na 240 usitangaze kwamba umeshapita shahada yao ya 120. Tathmini itafanywa kozi kwa kozi, na mwaka mzima wa masomo aghalabu huonekana kama krediti 30 za semesta au 45 za kota. Silabasi zenu zibebeni tangu mnapoondoka. Kuifuata silabasi ya 2016 ofisini ukiwa umeshavuka bahari ni kazi ya kuomba na kufunga. Silabasi inayosaidia ni ile yenye mada za kila wiki na jina la kitabu, si ile ya aya moja.

Turudi kwa binti. Kota ilikuwa na siku tatu tu tangu ianze. Alijiandikisha kozi tatu, mojawapo kuchora kwa penseli, aliyoichukua, kwa maneno yake, "ipumzishe kichwa". Nikamwonyesha 153 ilipo na nafasi yake kwenye mfululizo. Akanyamaza kidogo, akauliza kama kuchora haihamishiki. Inahamishika, nikamwambia, inakwenda hiari, na hiari zako zimejaa. Darasa la 153 lilikuwa limejaa pia, naye wa saba kwenye foleni ya kusubiri. Tukaandika barua pepe kwa mwalimu, yeye akaenda kusimama mlangoni asubuhi yake na madaftari ya 152 mkononi. Akaingizwa.

Mwezi wa nane tathmini ya mwisho ikatoka. Kalkulasi ya kwanza, imetimizwa. Ya pili, imetimizwa. Ziada ya kama krediti mbili ikaenda hiari. Akanitumia picha ya skrini, chini kabisa amezungushia jumla kwa wekundu: 59.94.

Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja. "Kaka?"

Nikamjibu: hizo sasa ndizo walizokula.